Mgeni na Mwenyeji: Kompyuta ya Kale na Maneno ya Mau Narok

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Kauli hii ina ukweli mwingi, lakini ina sharti ambalo aghalabu halitajwi: mwenye akiba sharti awe na njia ya kuifikia. Ghala lililojaa mahindi halimshibishi mtu iwapo ufunguo wa kufuli lake umepotea. Wapenzi wa Kiswahili wanalielewa jambo hili vyema. Miswada ya tenzi za kale iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu imetunzwa katika maktaba za Dar es Salaam na London kwa miaka mingi. Hata hivyo, kwa mwanafunzi asiyezijua hati hizo, miswada hiyo hukaa kimya hadi apatikane mtu wa kuinukuu kwa hati za Kirumi. Kuhifadhi ni kazi moja. Kufungua njia ya kuingia na kutoka katika hifadhi ni kazi nyingine, na hii ya pili ndiyo inayosahauliwa.

Suala hili limechukua sura mpya katika enzi ya kompyuta. Tangu miaka ya 1990, sehemu isiyo ndogo ya Kiswahili imeandikwa, imekusanywa na kujadiliwa ndani ya mashine. Mradi wa Kamusi ulianza mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, chini ya uongozi wa Martin Benjamin, na ukawaalika wasemaji wa Kiswahili popote walipo kuchangia kamusi kupitia mtandao. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux, uliowaunganisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows XP na ya Office 2003. Kwa kazi hizo, istilahi zilitoka katika makala za makongamano zikaingia katika vitufe na menyu, zikapimwa na watu waliokuwa wakiandika barua, hesabu na mitihani.

Leo, mifumo endeshi iliyobeba kazi hizo imezeeka. Windows 98 iliacha kutunzwa na mtengenezaji wake tarehe 11 Julai 2006, na Windows XP ikafuata tarehe 8 Aprili 2014. Mtafiti anayetaka kuona jinsi amri fulani ilivyotafsiriwa, na mahali ilipokaa katika dirisha, hawezi kutosheka na orodha ya maneno kwenye karatasi. Anahitaji kuiona programu ikifanya kazi. Hapo ndipo panapohitajika programu iitwayo emuleta, yaani kiigaji.

Kiigaji ni programu inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye kompyuta ya jana. Ndani yake huwa na kichakataji cha kuigiza, diski ya kuigiza, na hata kadi ya mtandao ya kuigiza. Mfumo endeshi wa kale ukiwekwa humo, huamini kwamba uko katika mashine yake ya zamani. Miongoni mwa viigaji vinavyojulikana ni QEMU, kilichoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, pamoja na DOSBox na 86Box. Mafundi wa fani hii huuita mfumo wa kale ulio ndani "mgeni", na kompyuta ya kisasa inayoubeba "mwenyeji". Kwa Mswahili, majina haya yanakuja na methali yake: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni atamponyaje mwenyeji iwapo wawili hao hawana namna ya kusemezana? Swali hilo la mawasiliano baina ya mgeni na mwenyeji ndilo kiini cha makala haya, na mfano wake unapatikana Mau Narok.

Mau Narok iko katika nyanda za juu za Mau, ng'ambo ya Njoro, katika kaunti ya Nakuru. Ni mahali ambapo ukungu wa asubuhi hukawia kuondoka, na baridi humfanya mgeni asiamini kwamba ikweta haiko mbali. Ardhi yake hulimwa ngano, shayiri, viazi na pareto. Wakaazi wake wametoka katika jamii mbalimbali: Wakikuyu, Wamaasai, Wakalenjin, Waogiek na wengineo. Sokoni na shambani, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, na si Kiswahili cha vitabuni pekee. Ni Kiswahili kilichokopa, kikakata na kushona upya kulingana na kazi ya siku hiyo. Mkulima hasemi "viazi ulaya"; husema "waru". Mnunuzi wa kati si "dalali" tena, ni "broka". Nalo gunia la viazi lililoongezewa neti juu hadi likawa na kichwa kirefu, watu huliita "mukorino", kwa kuwa linafanana na kilemba cha waumini wa madhehebu ya Akorino. Neno hilo moja lina ucheshi na lawama pia, kwani gunia la namna hiyo humpunja mkulima: hupimwa kama gunia moja, na kumbe limebeba zaidi.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili huko Mau Narok aliyaona maneno ya aina hii kuwa mali. Mwaka 2002 alinunua mjini Nakuru kompyuta iliyokwisha kutumika, yenye Windows 98, akaiweka sebuleni karibu na dirisha. Humo alikuta programu ndogo ya kutunza kumbukumbu. Aliitumia kwa namna aliyokuwa akifundishia: neno, ngeli yake, maana yake, sentensi ya mfano, na mahali alipolisikia. Kwa takriban miaka tisa aliandika jioni baada ya jioni, kila ilipokuwapo stima, hadi vidahizo vikapita elfu moja. Hakuwa mtu wa kutafuta sifa. Alikuwa akisema tu kwamba watoto wa Mau Narok wanasahihishwa kila siku shuleni, na hakuna aliyewahi kuwauliza wanasema nini.

Mwaka 2011 mashine hiyo ilizimika na isiwake tena. Fundi alisema ubao wake mkuu umeungua, ila diski ilikuwa nzima. Mwalimu aliichomoa diski, akaifunga kwa kitambaa na kuitia katika kopo la mafuta ya kupikia, kisha akaliweka kopo juu ya kabati. Likakaa huko zaidi ya miaka kumi. Akiba haikuoza, lakini haikuliwa.

Aliyelishusha kopo hilo ni mjukuu wake, msichana aliyekuwa mwaka wa tatu chuoni akisomea Kiswahili. Alimwomba fundi mjini Nakuru atoe nakala kamili ya diski ile, akaitia katika kiigaji ndani ya kipakatalishi cha mjomba wake. Baada ya majaribio kadhaa, mandhari ya Windows 98 yalijitokeza, na programu ya kumbukumbu ikafunguka na maneno yote yakiwamo. Babu alivuta kiti, akasoma kimya kwa muda mrefu.

"Shikamoo, Babu," msichana alisema kwa utani, kana kwamba ndiyo kwanza aingie.

"Marahaba, mama," alijibu. "Umenifungulia ofisi. Sasa niache nimalizie."

Jibu hilo lilibadilisha kazi nzima. Msichana alidhani kwamba anaokoa kumbukumbu; babu yake alikuwa anarejea kazini. Alikuwa amepita umri wa miaka themanini, na macho yake yalikuwa yakififia. Kujifunza programu mpya hakukuwa jambo la kumtarajia. Ile ya zamani aliijua kwa vidole vyake. Alijua hata bila ya kuona ni kitufe gani kinachofungua karatasi mpya. Alichohitaji ni kwamba anachokiandika jioni Mau Narok kimfikie mjukuu wake Njoro, akihariri, na maswali yarudi kwake kabla hajasahau alichokusudia. Muda haukuwa mwingi, na wote wawili walilijua hilo bila ya kulitamka.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mtandao? Je, haiwezekani kukizima kiigaji, kuifungua nakala ya diski kutoka nje, na kuchukua faili? Inawezekana, na kwa anayetaka kuchukua faili mara moja tu, hiyo ndiyo njia fupi. Lakini haifai kwa kazi ya kila siku. Kwanza, inamtaka mtumiaji ajue amri ambazo mzee wa umri ule hakuwa na sababu ya kuzijua. Pili, ni hatari: diski ikiandikwa kutoka nje ilhali mgeni bado anaitumia, faili zinaweza kuharibika. Mtu aliye kazini anahitaji mlango, si dirisha la kuvunja kila jioni.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza, nao ni ugumu unaowakumba wengi wanaofufua mifumo ya kale. Ili mgeni awe na mtandao, mambo manne sharti yakubaliane. Pawe na kadi ya mtandao ya kuigiza. Mgeni awe na programu ya kuiendesha kadi hiyo. Awe na itifaki, yaani kanuni za mazungumzo, zinazoeleweka leo. Kisha awe na anwani na lango la kutokea. Jambo moja likikosekana, hayo matatu hayana faida. Isitoshe, Windows 98 ina desturi ya kudai CD yake kila inapobadilishwa kitu, kisha kutaka izimwe na kuwashwa upya. Anayekisia hukisia kwa bei ya dakika kadhaa kila mara.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kadi. QEMU humpa mgeni wa kawaida kadi ya kuigiza ya kampuni ya Intel iliyobuniwa baada ya Windows 98 kutoka kiwandani. Mfumo wa kale hauwezi kuitambua kadi iliyozaliwa baada yake, kama vile babu hawezi kumtambua kilembwe ambaye hajawahi kutambulishwa kwake. Tiba yake ni kuchagua kadi ya zamani. Msichana alichagua ile ya ukoo wa NE2000 yenye kipande cha Realtek 8029, ambayo Windows 98 ina programu ya kuiendesha ndani ya CD yake.

Kikwazo cha pili kilikuwa daraja. Maelekezo mengi ya zamani humshauri mtumiaji aunganishe kadi ya mgeni moja kwa moja na mtandao wa nyumbani, ili mgeni aonekane kama kompyuta nyingine kamili ndani ya nyumba. Njia hiyo hufanya kazi vizuri penye waya. Nyumbani kwa babu hapakuwa na waya. Intaneti ilitoka katika simu ya mkononi kwa njia ya Wi-Fi. Nayo Wi-Fi kwa kawaida hukubali ujumbe wa kifaa kilichojitambulisha tu. Ujumbe wenye anwani ya kadi ya mgeni, ambayo haijajitambulisha, hutupwa. Maelekezo yale hayakuwa ya uongo. Yaliandikwa kwa nyumba za namna nyingine. Huu ni mfano mzuri wa jinsi urahisi wa mahali pamoja unavyoweza kuwa uzito wa mahali pengine.

Kikwazo cha tatu kiligusa lugha hasa. Msichana alijaribu kumfungulia mgeni folda ya pamoja, ili babu ahifadhi kazi yake humo na ionekane nje. Windows 98 hushiriki folda kwa toleo la kwanza la itifaki ya SMB. Kompyuta za kisasa zimeacha kulizungumza toleo hilo. Windows 10 iliacha kuliweka kwa kawaida mwaka 2017, mwaka uleule ambapo kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kupitia udhaifu uliokuwamo ndani yake. Samba, programu inayofanya kazi hiyohiyo katika Linux, nayo ililifunga kwa kawaida mwaka 2019. Kwa hiyo mgeni alibisha hodi kwa lahaja ambayo mwenyeji ameikataza nyumbani mwake, na alikuwa na sababu nzuri ya kuikataza.

Suluhisho lilipatikana katika mbinu ambayo Mswahili anaweza kuielewa bila ya kufundishwa uhandisi, nayo ni ya mshenga. Katika desturi za uchumba, kijana hajitokezi mwenyewe mbele ya wakwe. Mshenga huchukua maneno yake, huyafikisha kwa jina lake yeye mshenga, na huleta majibu. Ndivyo ifanyavyo programu iitwayo SLiRP, ambayo asili yake ni miaka ya 1990 na ambayo QEMU huitumia. Mgeni akitaka kusema na ulimwengu, humwambia mshenga aliyemo ndani ya kiigaji. Mshenga huyapeleka maombi nje kana kwamba ni ya mwenyeji mwenyewe, kisha humrudishia mgeni jibu. Kwa kuwa ujumbe hutoka kwa jina la mwenyeji, Wi-Fi haina la kukataa. Wala hapahitajiki ruhusa ya msimamizi wa mashine.

Mshenga huyo ana fadhila nyingine. Mgeni akiamka tu, humgawia anwani bila ya kuombwa hesabu yoyote: kwa kawaida 10.0.2.15. Mwenyeji hupatikana kwa 10.0.2.2. Namba hizi ni zilezile katika kila mashine inayotumia mpangilio wa kawaida wa QEMU, iwe Mau Narok au Mombasa. Kwa hiyo anayeandika maelekezo anaweza kuzitaja kwa uhakika. Ipo tahadhari moja ambayo ingewaokolea wengi muda: kipimo cha ping kuelekea nje mara nyingi hakijibiwi, hata pale njia ilipo nzima. Anayekitegemea hudhani ameshindwa, kumbe amekwisha kufaulu.

Kwa kuwa folda ya pamoja ilikuwa imekataliwa, msichana alitumia lugha ya tatu, ambayo wa kale na wa sasa wote wanaielewa: ukurasa wa wavuti wa kawaida, usio na usimbaji wala mapambo. Aliuweka ukurasa huo ndani ya mwenyeji. Kivinjari cha Windows 98 kiliufungua kwa anwani 10.0.2.2. Ulikuwa na kitufe kimoja cha kuchagua faili na kingine kilichoandikwa "Tuma". Faili ikitumwa, huingia katika folda ya mwenyeji, na mwenyeji, ambaye ni wa kisasa na ana njia zake salama, huipeleka Njoro. Mgeni hakuhitaji kuujua ulimwengu wa leo. Alihitaji kumjua mwenyeji wake tu.

Kazi hiyo ilimchukua siku tatu. Baada ya hapo alitunga faili moja ya kuanzisha kila kitu kwa mpangilio uliokwisha kuthibitika, akaiweka juu ya skrini kwa jina "Mashine ya Babu". Babu alibonyeza mara mbili, akasubiri, akaandika. Kidahizo cha kwanza kufika Njoro kwa njia hiyo kilikuwa "zizima", pamoja na sentensi ya mfano kuhusu ukungu, na swali pembeni: je, huko chuoni bado mnalitumia, au mmelipoteza?

Tofauti iliyopo kati ya siku tatu na mbonyezo mmoja ndiyo maana halisi ya kurahisisha. Ujuzi haukupungua, ulihamishwa. Mtu mmoja aliubeba mara moja ili wengine wasiubebe kila siku. Baadhi ya waundaji wa viigaji wamelielewa jambo hili na kulifanya kwa upana zaidi. Infinite Mac, iliyoanzishwa na Mihai Parparita mwaka 2022, hufungua mifumo ya kale ya Macintosh ndani ya kivinjari bila ya mtumiaji kusakinisha chochote. Faili huburutwa kutoka katika kompyuta ya leo na kuachiwa ndani ya ile ya kale. Hali kadhalika, watu wawili walio mbalimbali wanaweza kuziweka mashine zao za kuigiza katika mtandao mmoja wa AppleTalk kwa kukubaliana jina tu. Katika ulimwengu wa maktaba, Chuo Kikuu cha Yale kiliongoza mradi wa EaaSI ulioanza mwaka 2018, wenye lengo la kumwezesha msomaji afungue programu ya kale kama afunguavyo kitabu, huku mipangilio ikiwa imetayarishwa na wakutubi. Inapendeza kukumbuka kwamba hapohapo Yale ndipo ulipoanzia mradi wa Kamusi mwaka 1994.

Wapo wanaoweza kudai kwamba urahisi huo ni hatari, na hoja yao haipaswi kupuuzwa. Mfumo uliokosa matengenezo tangu 2006 ni kama nyumba isiyo na komeo. Kuuweka wazi kwenye intaneti ni kuwakaribisha wezi. Lakini hoja hiyo inampa nguvu mshenga badala ya kumpinga. Aliye nje hawezi kumbishia hodi mgeni moja kwa moja, kwa kuwa hamwoni. Anamwona mwenyeji tu. QEMU pia ina chaguo la kumfungia mgeni asiweze kutoka kabisa, linalowafaa wanaotaka kutazama tu na si kutuma. Urahisi mzuri ni ule ambao njia nyepesi ndiyo pia njia salama. Pale ambapo njia salama ni ngumu, watu huchagua ile nyingine, na lawama haziwaendei wao peke yao.

Hoja nyingine ni kwamba haya ni mambo ya wanasayansi, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuwaachia wenyewe. Mfano wa Mau Narok unaonyesha kinyume. Fundi wa Nakuru alitoa nakala ya diski, na alifanya kazi yake barabara. Lakini hakuwa na sababu ya kujua kwamba ndani yake mlikuwa na neno "mukorino" likiwa na ngeli yake. Aliyejua thamani ya yaliyomo ndiye aliyelazimika kuitafuta njia ya kuyatoa. Aidha, sehemu kubwa ya kikwazo ilikuwa lugha. Maelekezo aliyoyakuta yote yalikuwa ya Kiingereza, na mengi yalidhani kwamba msomaji ana waya nyumbani na ameishi na kompyuta tangu utotoni.

Yaliyotokea alipoandika ukurasa wake mmoja wa maelekezo kwa Kiswahili yanastahili kuzingatiwa na wataalamu wa istilahi. Kwa miaka mingi mjadala umekuwa juu ya jina la chombo chenyewe: kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Ni mjadala halali, lakini umewashughulisha watu mlangoni huku vyumba vikibaki bila majina. Msichana hakukwama kwenye jina la mashine. Alikwama alipohitaji kueleza uhusiano wa sehemu zake, na hapo aligundua kwamba Kiswahili kilikuwa na maneno tayari: mgeni, mwenyeji, mshenga, lango, daraja, hodi. Hayakuwa ya kubuniwa. Yalikuwa ya kukumbukwa. Babu yake aliyaelewa mara moja, akapinga moja tu. Alisema "daraja" limechoka, kwa kuwa hutumiwa pia kwa ngazi ya mishahara na ya mitihani, akapendekeza "kivuko". Hoja kama hiyo haiwezi kutolewa na mtu ambaye hajaelewa kinachoelezwa. Mzee aliyedhaniwa kuwa nje ya teknolojia alikuwa sasa anashiriki katika kuipa majina.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vina nafasi ya pekee hapa. Katika eneo hilohilo la Nakuru, Shule ya Upili ya Menengai ilikuwa miongoni mwa shule sita za Kenya zilizoteuliwa katika mradi wa shule za kielektroniki wa NEPAD katika miaka ya 2000. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, nalo limepeleka kompyuta zilizokarabatiwa katika shule nyingi nchini. Mashine za miaka hiyo zilipita mikononi mwa walimu wa Kiswahili waliochapa humo mitihani, insha, michezo ya kuigiza na mikusanyo ya methali. Ni jambo la busara kudhani kwamba kopo la juu ya kabati haliko Mau Narok peke yake. Chama kinaweza kufanya mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi: kuwauliza walimu wastaafu kuhusu diski zao kabla hazijatupwa, kuandaa kiigaji kimoja ambacho mtandao wake umekwisha kupangwa, tayari kupokea diski yoyote ya enzi hiyo, na kuandika maelekezo yake kwa Kiswahili chepesi, ya ukurasa mmoja, yanayomfikiria mtu mwenye simu na Wi-Fi na si mwenye waya.

Jambo la tatu ndilo linaloonekana dogo kuliko yote, na huenda ndilo zito kuliko yote. Njia ya kuifikia kumbukumbu ikiwa ngumu, kumbukumbu hiyo huwa ya mabingwa, hata kama iliandikwa na mkulima, mwalimu au mchuuzi. Aliyeandika huwa mtu wa kuhadithiwa yaliyomo katika maandishi yake mwenyewe. Njia ikiwa nyepesi, mwenye mali hurudi katika mali yake, akaisahihisha, akaiongeza, na kuikabidhi kwa mkono wake kwa amtakaye. Lugha haihifadhiwi kwa kufungiwa tu. Huhifadhiwa kwa kuendelea kuandikwa na walioizoea, katika zana walizozizoea, huku wanaowafuata wakiipokea ingali hai. Anayempangia mgeni wa kale anwani yake na lango lake, ili asiyejua chochote kuhusu anwani na malango aweze kuandika neno moja zaidi kabla ya kulala, anafanya kazi ya lugha.